Kurasa za Mwisho za Bwana Msa

Kitabu cha kwanza kunikosesha usingizi hakikuwa na mwisho. Sisemi kwa mafumbo. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, zimekwenda, na uzi wa jalada ulikuwa unaning'inia kama jino la mtoto.

Ilikuwa Desemba, niko darasa la sita, tumepelekwa ushago kwa nyanya, juu huko Wundanyi kwenye milima ya Taita. Ukungu unashuka jioni, baridi inaingia mpaka kwenye uji, betri za redio zimeisha na binamu zangu wameshanichoka. Ndani ya sanduku la bati la mjomba, chini ya suruali za zamani zenye miguu mipana, nikakuta kitabu chembamba: Mzimu wa Watu wa Kale. Nilidhani ni cha dini. Kufika ukurasa wa tano nilikuwa nimesahau kula.

Nyanya hakuwa anasoma, macho yalikuwa yamechoka, lakini alitaka kujua ni nini kimenifanya nikae kimya siku nzima. Basi nikamsomea kwa sauti jikoni, yeye akichambua maharagwe. Tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, amekutwa maiti mahali watu wanapopaogopa, kwenye mzimu wa wahenga. Nani amemuua? Nyanya hakuhitaji kurasa mia. "Ni mzimu," akasema. "Mtu ameenda kuchezea pale, amekula cha mtema kuni."

Usicheke. Kwetu hii haikuwa stori tu. Wataita wa zamani walikuwa wakifukua mafuvu ya wazee wao na kuyapanga kwenye mapango ya mawe, na mafuvu mengine yako huko mpaka leo. Kuna jiwe juu ya shamba la nyanya ambalo hatukuruhusiwa hata kulinyoshea kidole. Kwa hivyo mimi nilikuwa nasoma riwaya ya upelelezi, yeye alikuwa anasikiliza habari za kawaida kabisa.

Halafu kurasa zikaisha. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, yuko karibu kufungua mdomo atuambie kila kitu, na hapo hapo, hakuna karatasi. Mshukiwa mkuu wa uchanaji alikuwa nyanya mwenyewe, maana ugoro wake ulikuwa unafungwa kwenye vikaratasi vyenye maandishi. Hakukiri. Alisema tu, "Si nimeshakuambia? Ni mzimu."

Niliporudi Nairobi Januari nilitaka kitabu kizima. Duka la kwanza tuliloenda na mama, muuzaji aliuliza, "Ni setibuku?" Hapana. "Basi hatuna." La pili, hivyo hivyo. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi sana maishani, na nimechukua muda mrefu kuelewa kwamba ndani yake kuna historia nzima. Kila Desemba marafiki wananiuliza wabebe kitabu gani cha likizo, kitu cha kushika mtu, na nikitaja cha Kiswahili wananiangalia kama nimewapa kazi ya shule. Hatukuwa hivi zamani. Tena vitabu vyenyewe vilitoka hapa hapa Nairobi.

Tuanze na mashindano. East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la serikali za kikoloni lenye makao Nairobi, liliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili mwaka 1957–58. Aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa Mzanzibari wa karibu miaka arobaini, Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kitabu kilitoka 1960. Huyu bwana alikuwa amefanya kazi miaka kumi kama mkaguzi wa idara ya afya kabla ya kuingia magazetini mwaka 1948, akahariri Zanzibari, akafanya kazi Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, kisha kutoka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo la Tanganyika, mpaka alipostaafu 1968. Fikiria: mkaguzi wa afya ni mtu anayelipwa kufunua masufuria ya watu na kuchungulia mitaro nyuma ya nyumba. Mimi naamini Bwana Msa alizaliwa huko mitaroni, lakini hiyo ni dhana yangu, usije ukainukuu kwenye insha.

Watu hupenda kusema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Kweli, undugu upo: kiko, rafiki wa kuzunguka naye anayeitwa Najum, na tabia ya kukaa kimya mpaka watu wajichanganye wenyewe. Lakini Holmes anasoma tope la London kwenye viatu. Msa anasoma koo. Anachotafuta ni nani mtoto wa nani, nani alirithi shamba lipi, ni ndoa gani iliyofichwa. Kisiwani, siri kubwa ni nasaba, na mali inafuata nasaba. Na pale ambapo kila mtu anataka kumaliza maneno kwa kusema ni mzimu, ni jini, ni kisima cha wachawi, yeye anauliza nani amefaidika. Halafu angalia tarehe. Kitabu kilitoka 1960; tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakafagia dunia ile ya mabwana wa mashamba. Aliyekisoma 1965 alikuwa anasoma juu ya matajiri ambao walikuwa na mali jana tu. Abdulla aliendelea: Kisima cha Giningi 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, mpaka Kosa la Bwana Msa 1984. Ukibeba kimoja tu, beba cha kwanza. Kiswahili chake kinatembea polepole, kama mzee anayekwenda msikitini na muda bado upo, kwa hivyo kipe kurasa ishirini kabla hujalalamika.

Mwaka 1965, Bureau ile ile ikatoa kitabu cha Mtanzania Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo. Jina tu linakuambia tumehama. Hakuna tena kijiji na mzimu. Kuna jiji, kuna inspekta wa polisi, kuna simu inayolia na sauti usiyoijua. Leo simu ni kitu cha kukuchosha. Wakati ule kwa msomaji wa kawaida ilikuwa mashine ya ofisini na ya nyumba za wakubwa, na Katalambulla alijua kwamba kitu kipya mjini ndicho kinachotisha kuliko vyote. Ni kifupi. Ukikianza Nairobi basi linapoondoka, utakimaliza kabla hujafika Voi.

Lakini kama unanilazimisha nichague kimoja cha kukupa ndani ya basi la usiku, nitakupa Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, 1974, na nitakaa kidogo hapa kwa sababu kitabu hiki watu wanakidharau.

Shujaa ni Willy Gamba, jasusi wa Tanzania. Anavaa vizuri, anapigana vizuri, wanawake wanamwona haraka mno. Wasomi walikunja pua: James Bond wa Kiswahili, wakasema, takataka za kigeni. Sawa, lakini angalia kazi aliyopewa. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na Willy anatumwa kuzifuata, na njia inamleta Nairobi. Hizo hazikuwa nyaraka za kubuni hewani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao Dar tangu 1963. Frelimo iliundwa Dar 1962. Na tarehe 3 Februari 1969, rais wa Frelimo, Eduardo Mondlane, alifungua kifurushi mjini humo humo, ndani kuna kitabu, na ndani ya kitabu kuna bomu. Akafa palepale.

Soma hiyo sentensi tena. Bomu ndani ya kitabu. Miaka mitano baadaye kijana wa Dar anashika riwaya ya Musiba, na wewe unataka kumwambia kwamba ujasusi ni mambo ya Wazungu? Yeye anakaa mji ambao kifurushi cha posta kinaweza kuua. Mwaka ule 1974 Msumbiji ilikuwa bado haijapata uhuru. Ilipata Juni 1975. Kwa hivyo Willy anaporusha ngumi, msomaji alikuwa na mtu wake wa kweli wa kuombea. Bond anaokoa dunia halafu anakunywa. Willy anaokoa orodha ya majina ya watu ambao wangeweza kuwa wapangaji wa nyumba ya pili kutoka kwako. Siwezi kutetea anavyowaandika wanawake, na sitajaribu. Utakunja uso mara kadhaa na una haki. Musiba mwenyewe baadaye akawa mfanyabiashara mkubwa na kiongozi wa chemba ya biashara ya Tanzania, jambo ambalo ukishasoma vitabu vyake halikushangazi hata kidogo. Willy anajua bei ya kila kitu.

Kilichochapisha Kufa na Kupona? East African Literature Bureau. Vitabu vitatu, Mzanzibari mmoja na Watanzania bara wawili, na vyote vimepita mikononi mwa ofisi moja ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi.

Halafu 1977. Hapa wengi wetu tunajua tu kwamba Jumuiya ilivunjika, tunaijibu kwenye mtihani alama mbili, tunaendelea. Lakini Jumuiya haikuwa marais peke yao. Ilikuwa ndege, reli, posta, na pia vitabu. Bureau ikafa na Jumuiya, upande wa Kenya ukazaliwa upya kama Kenya Literature Bureau, jina ulilolijua kwenye vitabu vya hesabu. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, na ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983. Karibu miaka saba. Mtoto aliyeanza shule mpaka unafungwa alikuwa anakaribia kumaliza msingi unapofunguliwa. Riwaya haina mguu wa kupita porini usiku na magunia ya sukari. Musiba aliendelea kuandika, Kikosi cha Kisasi kikatoka 1979 na kumpeleka Willy Kinshasa, Njama ikafuata 1981, na huko Dar watu walikuwa wanavigombania. Huku kwetu wasomaji walikuwa wanakuwa wageni wa vitabu vilivyokuwa vyao.

Pengo halikukaa wazi. Kiingereza kilikuwa kimeshaanza kulijaza. Charles Mangua alikuwa ametoa Son of Woman mwaka 1971, na Dodge Kiunyu, mlevi, tapeli, mcheshi, akafanya watu wacheke kwenye mathree. David Maillu akaanzisha Comb Books yake na kuuza vitabu vidogo vya mfukoni kama After 4.30 cha 1974, vilivyosemwa vibaya na kila mwalimu na kusomwa chini ya kila dawati. Tanzania ilivipiga marufuku. Na 1984 akaja John Kiriamiti na My Life in Crime, kilichoandikwa na mtu aliyefungwa 1971 kwa wizi wa mabavu, akiandika gerezani. Kama hujakisoma, sijui umekuwa wapi. Nairobi ilikuwa bado inataka kusisimka. Ilibadilisha lugha tu.

Mwaka uliofuata, 1985, mfumo wa 8-4-4 ukaanza, na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, msingi na sekondari. Najua, hili lilikuwa ushindi. Walimu walilipigania, na bila hilo pengine nisingeweza kuandika hapa unachosoma. Lakini nina kinyongo nalo. Kwa sababu kuanzia hapo, kwa mtoto wa Nairobi, kitabu cha Kiswahili kikawa kitu chenye maswali nyuma yake. Eleza sifa za mhusika. Taja na ufafanue tamathali tano. Wachapishaji nao ni watu wa biashara: kitabu kikiteuliwa kinauza kwa malaki, kisipoteuliwa kinakaa ghalani kikiliwa na mchwa. Ungekuwa wewe ungechapisha nini? Riwaya ya kusisimua ina damu, ina pombe, ina kitanda, na hizo haziteuliwi. Hivyo ndivyo muuzaji wa duka alivyokuja kuniuliza, bila ubaya wowote, "Ni setibuku?"

Mmoja aliweza kupita katikati. Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka 1996, na ikawa setibuku, na bado watu wakaipenda. Waulize dada zako wakubwa. Watakwambia habari za Kongowea, kijana wa Tanga anayefunga safari kuja Kenya kumtafuta baba yake, na watakwambia kama wanamsema mtu waliyesoma naye. Hakuna jasusi mle, hakuna maiti mzimuni, lakini kuna swali moja, baba yuko wapi, na Walibora halijibu haraka. Tena tazama njia anayoifuata kijana: anavuka ule ule mpaka uliokuwa umefungwa. Walibora alikufa Nairobi, Aprili 2020. Ukisoma Siku Njema likizo, bila mtihani mbele yako, utashangaa ni mambo mangapi uliyaruka ukitafuta tamathali.

Upande wa pili wa mpaka mambo hayakulala. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, mwaka 1958, alimleta Joram Kiango, na tofauti na Willy, huyu si mtumishi wa serikali. Anafanya anavyotaka, na serikali inamfuata nyuma ikihema. Tutarudi na Roho Zetu? kina alama ya kuuliza kwenye jina, na hiyo alama inafanya kazi mpaka mwisho. Kilitoka 1987, makaburu wa Afrika Kusini bado wako madarakani, Mandela bado yuko ndani, na hakuna aliyejua jibu. Ndiyo maana nakupendekezea usome ukijaribu kusahau kwamba wewe unalijua. Cha Dar es Salaam Usiku ni cha hasira zaidi, cha mji wenye njaa na anasa kwenye barabara moja. Mtobwa alifariki 2008, miaka hamsini tu.

Na kwa wale wanaosema hawapendi upelelezi, nendeni kwa Adam Shafi, Vuta N'kuvute, 1999. Zanzibar miaka ya hamsini, msichana Yasmin anaolewa na mzee, anatoroka, anakutana na Denge anayewasumbua Waingereza. Amil Shivji alikitengenezea filamu 2021. Filamu ni nzuri, lakini kitabu kinakuchelewesha pale unapotaka ukimbie, na hiyo ndiyo raha yake.

Nilikipata Mzimu wa Watu wa Kale kizima nikiwa mtu mzima, kwa muuzaji wa vitabu vya kuinama, vile vinavyotandikwa chini kando ya barabara katikati ya jiji. Kilikuwa kati ya kitabu cha uhasibu na kingine cha kupunguza mwili. Muuzaji alinitazama ninavyokishika akajua hapa kuna pesa. "Hiyo ni ya kitambo sana, boss. Soo tatu." Nikampa soo mbili. Ndani kulikuwa na muhuri wa maktaba ya shule fulani na tarehe za watu waliokiazima, ya mwisho ikiwa ya kabla sijazaliwa. Nilikaa kwenye mathree nikafungua moja kwa moja kurasa za mwisho. Zilikuwepo. Nikafunga.

Sikuvisoma. Nilingoja Desemba.

Nyanya sasa hachambui maharagwe, vidole vimekataa, lakini masikio yako sawa kuliko yangu. Nilimsomea tangu mwanzo, usiku tatu, na mara hii umeme upo na binamu zangu wana simu, na bado wawili kati yao walisogea wakajifanya wanachaji. Usiku wa tatu Bwana Msa akatoa kiko mdomoni akaanza kueleza, hatua kwa hatua, nani alifanya nini na kwa nini. Sitakwambia. Nilipomaliza nikamtazama nyanya, miaka yote hii, hatimaye.

Alinyamaza kidogo, akapiga chafya ya ugoro.

"Amesema vizuri," akasema. "Lakini huyo Bwana Msa wako, alilala kule mzimuni hata usiku mmoja?"

Nikasema sidhani, nyanya.

"Haya. Umebeba kingine?"

Nilikuwa nimebeba Simu ya Kifo.